Chuma cha Daudi, Farasi wa Sulemani

Katika ua mmoja huku Bofu, nyuma ya nyumba yenye mwarobaini mkubwa, limo gari ambalo kwa miezi minane limeniondolea usingizi, na kwa wiki hizi tatu za karibuni limeniondolea na utulivu wa akili. Na katika mawili hayo la kwanza lina dawa, kwani mtu hufunga dirisha, ilhali la pili halina dawa ila kufikiri. Ni Subaru Impreza la buluu, lililoshuka melini Kilindini likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yashukavyo takriban magari yote tuyapandayo, maadamu sheria ya Kenya huliruhusu gari kuukuu kuingia likiwa halijapita miaka minane tangu kuundwa. Likapita mikono ya watu kadha wa kadha, na mwisho likamwangukia kijana wa jirani yangu, ambaye mchana huchomelea milango na madirisha ya chuma ya watu, na usiku, baada ya Isha, huvuta waya mrefu wa taa mpaka uani, akainama chini ya boneti hata sisi wengine tukalala, tukaamka, na taa bado inawaka.

Sikuwa na haja ya kujua habari za injini, lakini mtu akikosa usingizi hujifunza. Nimejifunza kwamba gari lile lilikuja na injini ya upole, naye akaing'oa, akanunua ya eksi-Japani ya lita mbili yenye turbo. Na kwamba turbo ni hila ya ajabu, kwa sababu moshi, ambao katika magari mengine hutoka ukapotea bure, hapa hulazimishwa kuzungusha kijipanka, na kijipanka hicho humzungusha mwenziwe aliye upande wa pili wa mhimili, naye akaisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, wakizunguka wote wawili zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Nimejifunza kwamba ule mngurumo wa Subaru wenye kudundadunda, ambao watoto wa Likoni huutambua kabla gari halijapinda kona, hutokana na mirija ya moshi isiyolingana urefu, hata mapigo ya silinda za kuume yasifike pamoja na ya kushoto. Kijana huyu aliukuza mngurumo huo kwa kuitoa sailensa na kuunga bomba pana alilolichomelea mwenyewe. Kisha akazikata springi kwa grainda ili gari lishuke, likawa kama paka aviziaye. Akafunga juu ya boneti pua ya kuvutia hewa. Akang'oa kiti cha nyuma ili kupunguza uzito.

Basi siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Maalim, huyu kijana wako afanya israfu mchana kweupe, nawe wamwangalia tu. Mbona humkatazi?" Nilikwenda nyumbani na neno haramu li tayari ulimini, ninatafuta hoja ya kulisimamisha, na hoja hiyo nikaikosa. Swali likabaki mikononi mwangu: je, mtu kukipenda chombo chake, akakizidishia nguvu na uzuri kupita haja yake, ni kosa mbele ya Mungu? Na kama ni kosa, kosa lenyewe limekaa wapi, katika chuma au katika moyo?

Wa kwanza kunijia alikuwa Imamu Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, ambaye katika Kimiya ya Saada aliufananisha mwili na ngamia wa mwenye kwenda kuhiji: hana budi kumlisha na kumtunza, lakini akishinda kutwa kumlisha na kumpamba, msafara utamwacha, naye ataangamia jangwani. Mfano huu ni mkali, na kwa mtu aliyekosa usingizi unapendeza mno. Hata hivyo nilipoutuliza moyo niliona kwamba msafiri wa Ghazali hakumuunda ngamia wake. Alimkuta amekwisha kuumbwa, na mapambo aliyomvika hayakuwa na kazi. Kijana wa Bofu hapambi tu. Yeye huunda, huvunja, hukosea, huunda tena. Na mtu aundaye humkuta Muumba njiani mahali ambapo mwenye kupamba hafiki.

Fauka ya hayo, mambo haya si mageni katika dini kama tunavyojifanya. Waarabu walikuwa na ustadi wao wa kumtengeneza farasi wa mashindano, uitwao tadhmiri: walimnonesha kwanza, kisha wakampunguzia chakula, wakamfunika nguo ndani ya nyumba hata akatoka jasho, nyama yake ikakaza na pumzi yake ikawa ndefu. Na Mtume alishindanisha farasi. Ibn Umar amepokea kwamba waliofanyiwa tadhmiri walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa, na wasiofanyiwa wakakimbizwa mwendo mfupi zaidi, kuishia msikiti wa Bani Zuraiki. Nani basi atakayesema kwamba kukizidishia mbio chombo ni dhambi kwa dhati yake, ilhali Madina yenyewe ilikuwa na daraja mbili za mashindano, moja ya waliotengenezwa na moja ya wasiotengenezwa?

Na juu ya ufundi wa chuma tunaye Nabii Daudi. Katika sura iitwayo Sabaa twaambiwa kwamba alilainishiwa chuma, akaamrishwa kufuma mavazi ya vita na kukadiria vizuri ufumaji wa pete zake. Na wafasiri wakaeleza kukadiria huko kwa maneno ambayo fundi yeyote wa Likoni angeyaelewa bila ya kufunguliwa kitabu, kwamba msumari wa pete usiwe mwembamba ukachezacheza, wala usiwe mnene ukaipasua. Mimi nimesoma aya hiyo tangu utoto nikiipita mbio. Sasa husimama hapo, nikastaajabu kwamba Mola wa mbingu na ardhi aliona unene wa msumari ni jambo la kuteremshiwa wahyi.

Nchi yetu nayo ina ushahidi wake. Yale mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia wa Uingereza, mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh, fundi wa magari wa papa hapa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo lililokwisha kutumika na kuchoka mikononi mwa wengine. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya na mafundi wao, na mtu aliyejua kila msumari wa gari lake akawapita. Vijana wa leo humtaja zaidi Colin McRae, aliyeshinda Safari ya mwaka 1997 katika Subaru Impreza, na ndiyo sababu mojawapo ya rangi ile ya buluu kuenea barabarani kwetu. Mimi namhesabu Joginder kuwa ndiye hoja yenye nguvu, kwa sababu spana aliishika mwenyewe.

Lakini Daudi alikuwa na mwana, na mwana huyo ndiye anayenitia mashaka. Sulemani, sura ya Sad yatueleza, alionyeshwa jioni moja farasi wa mbio, wazuri, wenye kusimama kwa madaha. Akashughulika nao hata jua likajificha, na wafasiri wengi wamesema kwamba iliyompita ni sala ya alasiri. Akaamuru warudishwe, akaanza kuwapitishia miguuni na shingoni. Hapo wanachuoni wamegawanyika. Wako waliosema aliwapitishia upanga, akawachinja kwa ajili ya Mungu, kwa kuwa walimshughulisha na kumtaja. Na wako waliosema, na Imamu Tabari ameipendelea kauli hii, kwamba aliwapitishia mkono, akawapangusa kwa mapenzi, kwa sababu farasi hawana kosa, na Nabii hamwadhibu mnyama kwa mghafala wa mwenyewe. Neno ni moja, na ndani yake mna upanga na mna kitambaa. Mzee wangu wa Ijumaa yu pamoja na upanga. Nami nilikuwa naye mpaka nilipojiuliza: likichinjwa gari la buluu, moyo ulioshughulika nalo utakuwa umechinjwa pamoja nalo, au utatafuta kitu kingine kesho asubuhi?

Mapambo, kwa hakika, siyajali sana. Wazee wenye kukunja uso juu ya pua ya boneti wamesahau mikokoteni ya mahamali wa Mombasa iliyojaa maandishi na rangi, na wamesahau babu zao, waliotumia mali isiyo na idadi katika mashindano ya beni, baina ya makundi ya Kingi na Skochi, ili tu kuwashinda wenzao kwa mavazi na ngoma. Mtume alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, hakumtia katika kibri. Alieleza kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Pua ya boneti haimdharau mtu. Bomba lile, ndilo lenye maneno mengine. Uzuri wa rangi hubaki uani kwake, atakaye atatazama na asiyetaka atageuza shingo. Mlio hauna ua, huingia kwa mgonjwa, kwa mzazi wa siku saba, na kwa mwenye kusujudu, nao hawakuombwa rai. Serikali imeweka kanuni za kelele tangu mwaka 2009, lakini kabla ya kanuni hizo palikuwa na Jibrili, aliyeusia juu ya jirani hata Mtume akadhani jirani atarithishwa. Hapa sina shaka, na nimemwambia.

Alinisikiliza kwa adabu, akiifuta mikono. "Nitairudisha sailensa, Maalim, ikipatikana."

"Na breki je, mwanangu?"

"Ni zile zile za injini ya zamani. Pesa haijatosha."

"Na pua ya boneti?"

Akacheka, akatazama chini. "Ile niliipata rahisi."

Jibu hilo lilinisumbua kuliko mlio. Kwani mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa kuuvunja huzidi mara nne. Na mwenye kuongeza injini akaacha breki amefuma pete nyembamba akaitia msumari mnene, jambo lile lile Daudi aliloonywa. Na springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu, haikai imara mahali pake, ikaenda kinyume cha mbio zenyewe alizozitafuta. Nikafahamu kwamba nilichokitafuta katika moyo wake, nisichoweza kukiona, kilikuwa kimeandikwa pale katika chuma: mtu huanza na kile kionekanacho na watu, na kisichoonekana hungoja pesa.

Iko hadithi ya farasi, kwamba wao kwa mmoja ni ujira, kwa mwingine sitara, na kwa wa tatu mzigo wa dhambi. Wa tatu amewafuga kwa fahari na ria. Wa pili amewafuga asiwe mwombaji, wala hakuisahau haki ya Mungu katika shingo zao na migongo yao. Kwa muda mrefu nilimweka kijana katika sitara, maana gari lake ndilo tangazo lake, na watu wameanza kumletea yao ayatengeneze. Kisha usiku mmoja, katika mwezi wa Rajabu, mke wa jirani alishikwa na uchungu, wakamgongea yeye kwanza, kwa kuwa gari lake ndilo lililo karibu na ndilo lenye mbio. Naye akatoka na funguo mkononi, akafungua mlango, na nyuma hapakuwa na kiti. Walimpeleka kwa tuktuk. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Kesho yake kabla ya adhuhuri niliona kiti kimerudi, kimekazwa kwa bolti mbili badala ya nne. Kama lipo jambo lililonifahamisha haki ya mgongo ni nini, ni bolti hizo mbili.

Juma lililopita nilikuwa na safari ya kwenda mjini kutazamwa macho, naye akasema atanipeleka. Tukashuka Likoni alasiri ikikaribia. Maji yalikuwa yamekupwa, hata feri imekaa chini, na mteremko wa gati ukakutana na ulimi wake kwa pembe kali. Gari lililokatwa springi, likiingia hapo, hukwaruza tumbo lote, na pengine hukwama katikati, watu wakalitukana. Siku hizi ipo njia ya kuzunguka Dongo Kundu, lakini turbo hunywa petroli, na ya kutosha haikuwamo. Akaegesha pembeni.

"Tungoje maji yajae kidogo, Maalim."

Tukangoja. Mikokoteni ikatupita, watu kwa mamia wakatupita kwa miguu, mwenye kuuza mihogo akatupita akiimba bei. Kijana akatoa kitambaa chini ya kiti, akaanza kulipangusa gari, boneti kwanza, kisha gurudumu moja moja, kwa taratibu, akiingiza kidole katikati ya chuma kwa chuma kuitoa chumvi ya pwani. Upande wa pili wa maji, adhana ya alasiri ikaanza. Alikuwa amefika gurudumu la tatu. Nami nilikuwa bado nimekaa, namtazama.