Mpeni Dereva Kiti cha Dirishani

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaopanda Moshi kila Desemba na watoto wao hufika mahali wakabakiwa na siku moja tupu. Misa imesaliwa, mbuzi ameliwa, wazee wameamkiwa, na kurudi kazini ni keshokutwa. Hapo ndipo mjadala unapoanza sebuleni. Tutie mafuta twende Marangu tukaone maporomoko, au tupande treni asubuhi mpaka Arusha, tuzunguke kidogo, jioni turudi na Coaster? Nimeusikia mjadala huu katika nyumba nyingi, na karibu kila mara gari hushinda kabla chai haijapoa. Gari liko nje limeoshwa. Litaondoka tukiwa tayari na litasimama tukitaka.

Leo ninasimama upande wa treni, na ninasimama huko kwa ajili ya mtu ambaye katika mjadala ule hakuna anayemuuliza anataka nini. Huyo ni dereva wa familia.

Niseme mapema kwamba hapa kwetu hakuna treni ya matembezi. Hakuna behewa lenye paa la kioo wala mtu wa kukuonyesha vivutio. Iliyopo ni treni ya abiria ya Shirika la Reli (TRC), inayotoka Dar es Salaam, ikapita Korogwe na Same usiku, ikaingia Moshi asubuhi na kumalizia Arusha. Reli yenyewe Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakakwamakwama njiani, ikafika Moshi mwaka 1911. Hawakuijenga ili mtu atazame mlima. Waliijenga ili mazao ya mashamba, kahawa na katani, yateremke kwenda bandarini. Boma lao lilikuwa juu, Old Moshi, kulekule ambako mtawala wetu wa Kichagga, Mangi Meli, alinyongwa mwaka 1900. Treni haikuuweza mteremko ule, ikaishia uwandani, na mji ukateremka kuifuata. Moshi hii tunayoijua, yenye mnara wa saa na jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilizaliwa stesheni. Reli ikafika Arusha mwaka 1929. Miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma, na kizazi kizima kikakua kikiijua reli kama njia ya mkato ya kwendea sokoni na shuleni, nyasi zimeota katikati ya mataruma. Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika tena Arusha.

Kwa hiyo anayepanda treni kwa ajili ya kutazama tu anajiunga na watu wenye shughuli zao: mama mwenye magunia, mwanafunzi na tranka lake, fundi anayefuata kazi. Mimi naona hilo ni jambo la heri. Watoto waliozoea kuona barabara kupitia kioo kilichofungwa wanajifunza kusogea ili mtu mwingine akae.

Lakini nisiidhulumu safari ya gari, maana nimeifaidi. Tulikwenda Marangu na mama yetu, kaka yangu akiendesha. Himo tukakata kushoto, barabara ikaanza kupanda, hewa ikabadilika, migomba ikasogea mpaka ukingoni mwa lami. Mpango ulikuwa maporomoko ya Kinukamori kwanza, kisha lango la hifadhi. Mama alikuwa na mpango wake. "Simama hapa," akasema, "kwa huyu walifiwa na mimi sikuja." Tukasimama, tukatoa pole. Mbele kidogo, "Hapa kwa wifi yangu." Tukasimama, tukapewa kiti na ndizi za kuivisha. Akateremka mwenyewe mara nyingine kwa sababu tu alimwona mtu aliyesoma naye, na salamu zao za "Shimbonyi mae" zikachukua muda kuliko maporomoko yote ya Marangu. Treni isingeweza kumfanyia mama mambo yale. Gari lilimfikisha mlangoni kwa watu ambao miguu yake haimfikishi tena. Wale wanaosema gari ni uhuru, siku ile ndiyo niliyoelewa wanazungumzia nini.

Sasa mtazameni kaka siku hiyohiyo. Asubuhi alikwenda sheli. Njiani alikuwa akihesabu vibao vya 50 na kutafuta kwa macho trafiki wenye tochi. Kwenye vijia vya migombani alirudi nyuma kupisha Fuso la mchanga, akageuza gari mahali ambapo hata pikipiki ingegeuzwa kwa kufikiri. Kwa wifi ya mama tuliletewa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kata ikazunguka, ikamfikia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha midomoni kwa heshima, akairudisha.

"Mbona hunywi, mwanangu?" mzee wa nyumba akauliza.

"Naendesha, baba."

Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali, maana jibu lilikuwa sahihi. Ila mimi niliyekuwa karibu niliona uso wa kaka. Alikuwa amesafiri kilomita zipatazo 560 kutoka Dar es Salaam, akaja mpaka kwenye kiti kile, kwa watu wale, akaikosa kata ile. Wakati wa kuondoka, sisi tulipokuwa bado tunaagana, yeye alikuwa ameshatangulia kuligeuza gari.

Katika familia zetu mwenye gari huwa anageuka mali ya ukoo. Ndiye anayekwenda kumpokea shangazi, anayepeleka mgonjwa hospitali ya KCMC, anayefuata kreti za soda na kurudisha viti vya kukodi. Tunamshukuru, tunamwombea heri, tena kwa dhati. Lakini hatumwoni. Kwenye picha za safari hayumo, au yumo mgongo. Watoto wake wanaijua shingo yake kuliko uso wake, kwa sababu kila wanapokuwa naye kwa muda mrefu wao wako kiti cha nyuma.

Na mzigo alioubeba si wa kuligeuza gari tu. Sote tunakumbuka Juni 28, 2025, basi na Coaster zilipogongana Sabasaba, wilayani Same, zikawaka moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Ni barabara hiihii tunayopita kuja nyumbani. Dereva wa familia anaendesha akiyajua hayo, amewabeba watu wake wote ndani ya gari moja, na anatakiwa awe anacheka na hadithi zetu. Hasemi kitu. Wengi wao hawasemi.

Niliyaona haya vizuri zaidi siku nyingine, tulipompandisha kaka treni ya kwenda Arusha pamoja na wanawe. Alikubali kwa shingo upande. Dakika za mwanzo mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu ya behewa kila tulipokaribia kivuko cha barabara, akitafuta breki. Nilinyamaza. Tulipovuka mto wa kwanza mguu ulikuwa umetulia, na baadaye akakunja mkono, akaegemea dirisha. Binti yake, ambaye kwa kawaida huongea na simu, akamwuliza kwa nini theluji ya Kibo ni ndogo kuliko ile ya kwenye kalenda ya bibi. Walikuwa wamekaa wakitazamana, magoti yao yanakaribia kugusana. Akamjibu kwamba barafu inaisha. Wakazungumza.

Na ni kweli inaisha. Wanasayansi waliopima barafu ya Kilimanjaro waliona kwamba kati ya 1912 na 2011 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85. Maana yake abiria wa treni za mwanzo, waliofika hapa reli ikiwa mpya, waliuona mlima wenye kilemba kipana ambacho sisi hatutakiona. Huyu binti ana miaka ya kutosha mbele yake kuona kilichobaki kikiondoka. Ningependa akumbuke kwamba siku alipouliza, baba yake alikuwa na nafasi ya kugeuka na kumtazama alipokuwa akimjibu.

Halafu kaka akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi marehemu baba alivyompandisha treni usiku pale Moshi, yeye akiwa mdogo, wakaenda Tanga, na jinsi baba alivyomnunulia machungwa Korogwe kupitia dirishani, muuzaji akikimbia kando ya behewa kufuata chenji yake. Mimi ni mdogo wake na sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Tumesafiri pamoja ndani ya gari miaka mingi. Hadithi ile ilihitaji mikono iliyo huru, maana alikuwa akiichora hewani: dirisha lilikuwa hapa, baba alisimama hivi, mkono wa muuzaji ukaja hivi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa gari hulisahau, nalo ni mlima wenyewe. Kilimanjaro haitazamwi wakati unaotaka wewe. Siku nyingi huwa wazi alfajiri na asubuhi mapema, kisha mawingu yanaufunika, na pengine unajitokeza tena jioni. Familia yenye gari huondoka saa nne, baada ya chai na mabishano ya nani anakaa wapi, na inapofika Himo juu kumeshafungwa. Zaidi ya hapo, ukishapanda Marangu mpaka langoni, kwenye mita zaidi ya 1,800, uko ndani ya msitu, umeukanyaga mlima na huuoni. Uwandani unauona mzima: Kibo na mita zake 5,895, Mawenzi iliyochongoka upande wa mashariki, na kati yao ule mgongo mrefu wa tambarare. Treni ya asubuhi inapita uwandani. Ukitoka Moshi kwenda Arusha, mlima unakuwa kuliani, na unavuka mito inayoteremka kutoka kwake, Karanga, Weruweru, Kikafu, mmoja baada ya mwingine. Mtoto aliyefundishwa darasani kwamba Kilimanjaro ni chanzo cha maji anayaona maji yenyewe yakipita chini ya reli, yakielekea kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na bwawa la Nyumba ya Mungu.

Dereva wa gari naye anapita kando ya mlima huohuo, ila yeye anatazama taa za nyuma za lori lililo mbele yake.

Najua mtakachonijibu. Treni haiji kila siku, na siku ikija inaweza kuchelewa. Ni kweli. Ni ya polepole, Coaster inaishinda mbali. Ni kweli pia, na kwa siku ya mapumziko sioni kwamba hilo ni kosa. Jibu zito kuliko yote ni kwamba treni haifiki kwa bibi. Haipandi Kibosho wala Uru, haipandi Machame wala Rombo. Tangu 1911 imebaki chini, na wazee wetu wengi wamezeeka wakiisikia honi yake kutoka juu bila kuipanda. Hapo sibishani. Kama siku yako moja iliyobaki ni ya mzee ambaye hujamwona, washa gari uende, na usimame kila mahali atakapokuambia usimame. Wazee hawana Desemba nyingi za kutusubiri, na hakuna mandhari inayoweza kufidia hilo.

Ila wengi wetu siku ile huwa tumeshamaliza kuwaona wazee. Tunataka tu kutembea. Na hapo tunamnyanyua yuleyule aliyetuleta, aliyetuzungusha wiki nzima, tunamwambia tena, "Kaka, tutoe." Anachukua ufunguo bila neno, kwa sababu anatupenda. Mapenzi hayo sisi tumeyageuza desturi, na desturi hiyo mimi naona si ya haki.

Basi Desemba hii, au likizo yoyote, nendeni stesheni ya Moshi mapema mkaulize siku ya treni na saa yake, maana ratiba hubadilika na msimu wa sikukuu tiketi huisha haraka. Mchukueni na mzee kama anaweza kukaa muda mrefu, hasa yule aliyeisikia honi maisha yake yote. Bebeni chakula cha nyumbani cha kutosha na jirani wa kiti. Kaeni upande wa kulia. Kwenye kukata tiketi, ya kwanza iwe ya dereva wenu, na ufunguo wa gari uacheni nyumbani.