DAMU YA ALIYEKUFA NA DAMU YA ANAYETUHUMIWA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa darsa wametaka tuwaeleze mas'ala haya. Mtu amegombana na mwenziwe, akapigwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, na siku ya tatu akafa. Jamaa zake wamemzika baada ya sala ya alasiri, na usiku ule ule mji mzima wasema, "Fulani ameua." Je, kuua huko kumethubutu?

Jawabu ni kuwa kupiga kumethubutu, na kufa kumethubutu. Kilichobaki ni kifungo baina ya mawili hayo. Imam Nawawi, Mungu amrehemu, ameeleza katika Minhaj, kitabu kijulikanacho sana katika vyuo vya pwani yetu, kuwa shahidi akisema mtu huyu alimpiga mwenziwe kwa upanga akamjeruhi naye akafa, ushahidi huo hautoshi mpaka aseme kuwa alikufa kwa jeraha lile. Mwenye haraka ataona huu ni ubishi wa maneno. Sivyo! Baina ya jeraha na mauti huweza kuingia homa, au maradhi ya moyo, au sumu ya mtu mwingine kabisa. Na aliyepigwa akafa kwa ajali yake, hakuuawa na aliyempiga, ingawa mpigaji ana dhambi ya kupiga na malipo yake.

Tazameni alivyohukumu Mtume s.a.w. Abdullah bin Sahl alikwenda Khaybar pamoja na Muhayyisa, wakaachana huko kila mmoja kwa haja yake, kisha Abdullah akakutwa ameuawa. Jamaa zake wakaja Madina kuwashitaki wenyeji wa Khaybar, ambao hawakuwa Waislamu. Mtume akawataka waape viapo hamsini. Wakasema: tutaapaje kwa jambo ambalo hatukulishuhudia? Akawaambia basi watu wa Khaybar wataapa hamsini wajitoe. Wakakataa kuvipokea viapo vyao. Mtume s.a.w. hakumwaga damu ya mtu, wala hakuiacha damu ya Abdullah ipotee bure. Alilipa dia yake mwenyewe, ngamia mia moja. Na tuwasifu jamaa wale pia: walikuwa na uchungu wa ndugu yao, na juu ya hayo hawakuthubutu kuapa kwa dhana. Wangapi kwetu leo huapa barazani kwa habari waliyoisikia sokoni?

Kutokana na kisa hicho ndiko wanavyuoni walikojenga mlango wa kasama. Mahanafi wameshurutiza ionekane alama ya kuuawa katika maiti, kwani asiye na alama hudhaniwa amekufa kwa ajali yake. Wanavyuoni wetu wa Kishafi hawakushurutiza damu wala jeraha, kwa kuwa mtu aweza kunyongwa. Lakini wametaka dalili yenye nguvu, kama watu waliojikusanya mahali kisha wakatawanyika na kuacha mtu ameuawa. Na hata hapo, kwa kauli iliyo ya nguvu katika madhehebu yetu, kasama huleta dia wala haileti kisasi.

Katika nchi yetu kadhi hahukumu damu. Katiba ya mwaka 2010 imemwekea ndoa, talaka, mirathi na hali za nafsi. Damu ni kazi ya Mahakama Kuu. Walakini hata huko swali ni lile lile. Kifungu cha 213 cha sheria ya jinai chamhesabu kuwa ameua hata yule aliyemharakishia mauti mtu aliyekuwa tayari mgonjwa. Na kifungu cha 215 kimeweka mpaka wa mwaka mmoja na siku moja. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa sababu ikiwa wazi, kama mtu aliyechomwa kisu cha moyo au aliyepondwa kichwa, yawezekana kuhukumu pasipo daktari. Lakini isipokuwa wazi, hapana budi na ushahidi wake. Huko Shakahola, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Madaktari wakakuta waliokufa kwa njaa, na baadhi walionyongwa, na wengine walioharibika hata sababu isijulikane. Ardhi hula ushahidi.

Hapa ndipo palipo na kosa letu. Tunamkataza daktari, tunazika, kisha tunamtaka hakimu amhukumu fulani! Hoja yetu ni hadithi ya Bibi Aisha, aliyoipokea Abu Daud, kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Hadithi hiyo ni haki, na inakataza kumdhalilisha maiti. Lakini mafakihi wale wale wamejuzisha kupasuliwa tumbo la mama aliyekufa na mtoto yu hai ndani, na la aliyemeza mali ya mtu. Ikiwa mali yamfungulia maiti tumbo, nafsi je? Baraza la Fikihi la Makka mwaka 1987 limejuzisha kupasua ili ijulikane sababu ya mauti katika jinai, kwa kadiri ya dharura.

Na palipokosekana daktari huingia mganga. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, baada ya kifo ambacho hakuna aliyechunguza sababu yake. Mmoja amekufa kwa maradhi, na wa pili amechinjwa kwa uvumi: hiyo ya pili ndiyo damu isiyo na shaka, na waliyoimwaga watasimamishwa nayo.

Basi mwosha akiona mwilini alama za kamba au michubuko, asimimine maji. Amwite walii wa maiti na polisi. Kusitiri aibu za maiti ni wajibu wake, lakini jeraha si aibu ya aliyejeruhiwa. Jamaa watake mwanamke apasuliwe na mwanamke akipatikana, pasifunuliwe ila panapohitajiwa, na viungo vyote virudishwe. Kisha aoshwe, akafiniwe, asaliwe na azikwe. Kuchelewa huko kwa siku moja au mbili kuna udhuru katika sharia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.