"Ndivyo Nilivyo" Haitoshi



Ijumaa moja katika ushirika wetu wa nyumbani, dada mmoja kijana alitoa karatasi kwenye mkoba akaitandaza mezani, katikati ya vikombe vya chai. Ilikuwa na duara lenye nukta tisa pembeni na mistari inayokatizana ndani. Akatuambia inaitwa Eneagramu, na kwamba kila mtu ana namba yake, kuanzia moja hadi tisa. Basi ikawa shangwe. Huyu anasema, "Hii ni mimi kabisa!" Yule anamwonyesha mumewe kwa kidole. Hata mzee wa kanisa aliyekuwa ameanza kusinzia aliamka kuuliza namba yake ni gani.

Halafu ndugu mmoja akasema kwa sauti, "Mimi ni Namba Nane. Kwa hivyo mkisikia nimefoka kule nyumbani, jueni si mimi. Ni namba." Tukacheka. Mke wake hakucheka. Mwenye nyumba akamtania, "Na wewe mama, unasemaje juu ya Namba Nane wako?" Akajibu polepole, akitazama kikombe chake, "Namba siijui. Mimi najua sauti."

Tukanyamaza wote. Na mimi nimelibeba jibu hilo kwa wiki kadhaa sasa. Mtu akishajua ameumbwa vipi, je, amepata sababu ya kubadilika, ama amepata kisingizio cha kubaki pale pale?

DUARA HILI LIMETOKA WAPI?

Tusikiogope kitu kabla ya kukijua, wala tusikikumbatie kabla ya kukijua. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la tisa na lingine la kitu kilichoandikwa au kuchorwa. Mchoro ulijulikana kupitia mafundisho ya George Gurdjieff mwanzoni mwa karne ya 20, lakini yeye hakuutumia kugawanya watu katika tabia tisa. Hilo lilikuja na Oscar Ichazo, mzaliwa wa Bolivia, aliyefundisha kule Arica, Chile. Mwaka wa 1970 Claudio Naranjo, daktari wa akili kutoka Chile, alikwenda kusoma kwake. Baadaye Naranjo akafundisha Berkeley, California, na kutoka huko mapadre Wajesuiti wakayachukua mafundisho hayo na kuyaeneza kati ya Wakristo wa Marekani.

Si kila mtu aliyapokea. Mwaka wa 2003 Vatikani, katika waraka wake juu ya mafundisho ya Enzi Mpya, ilionya kwamba kutumia Eneagramu kama njia ya kukua kiroho kunaleta utata katika imani. Wataalamu wengi wa saikolojia nao wanaitilia shaka kama kipimo cha kisayansi. Kwa hivyo mtu asije akakuambia kwamba hii ni Injili, wala kwamba ni kipimo kama kile cha presha hospitalini.

Lakini kuna jambo moja la kutazama. Kila namba katika duara hilo imepewa udhaifu wake mkuu. Ukizihesabu, utakuta hasira, kiburi, wivu, uchoyo, ulafi, tamaa na uvivu, yaani zile dhambi saba zilizofundishwa kanisani kwa karne nyingi. Mbili zilizoongezwa ni woga na udanganyifu. Na kabla ya orodha ya saba kulikuwa na ya nane. Mtawa mmoja aitwaye Evagrius, aliyeishi jangwani Misri na kufa mwaka wa 399, aliandika juu ya mawazo manane mabaya yanayomshambulia mtu anayetaka kumtafuta Mungu. Watu wale wa jangwani hawakuyataja mapungufu yao ili wajitetee. Walitaka kumjua adui kwa jina, ili akija usiku wamtambue.

MISHALE MIWILI

Wanaofundisha Eneagramu husema kila namba ina njia mbili. Kuna mahali mtu hukimbilia akibanwa na maisha, na kuna mahali huelekea akikua.

Mchukue Namba Moja, yule anayetaka kila kitu kiwe sawa. Akibanwa anaelekea Nne: ananuna, anajiona hakuna anayemwelewa. Akikua anaelekea Saba, anajifunza kufurahi hata kazi ikiwa haijakamilika. Namba Tatu, mtu wa mafanikio, akibanwa anaelekea Tisa: anazubaa, moyo umemwisha. Akikua anaelekea Sita, anajifunza kusimama na wenzake bila kutafuta sifa. Namba Tisa, mpenda amani, akibanwa anaelekea Sita, anajaa wasiwasi. Akikua anaelekea Tatu, anasimama na kutenda.

Sasa sikia ya Namba Nane, mtu wa nguvu na amri. Akibanwa anaelekea Tano: anajifungia, haamini mtu. Na akikua anaelekea Mbili, yaani zile nguvu zake zinageuka kuwa upole na ulinzi kwa wengine.

Umeona? Ile karatasi aliyoishika ndugu yetu ilikuwa na mshale wa kumpeleka kwenye upole. Yeye alisoma namba, mshale akauacha. Na wengi wetu tunasoma hivyo hivyo.

MARTHA JIKONI

Simpi Martha namba, maana Biblia haikumpa. Lakini soma Luka 10 polepole. Hapa kuna mwanamke mwenye moyo wa kusaidia. Amemkaribisha Yesu nyumbani kwake, na kazi ni nyingi. Wewe unajua nyumba ikiwa na wageni inavyokuwa. Kazi inamlemea, na msaidizi anageuka kuwa mtoa amri. Hamlaumu dada yake peke yake. Anamwambia hata mgeni wake amwamuru Mariamu aje jikoni. Huduma iliyoanza kwa upendo imekuwa fimbo. Wenye Eneagramu wangesema huo ndio mshale wa Namba Mbili aliyebanwa, anayeelekea Nane.

Yesu hakumwambia, "Basi, wewe ndivyo ulivyo." Wala hakumfukuza jikoni. Alimwita kwa jina lake mara mbili, akamwonyesha kinachomsumbua. Halafu nenda Yohana 12. Nyumba ni ya Bethania, chakula kiko tayari, Lazaro ameketi mezani. Na Martha? Anahudumu. Mariamu yuko tena miguuni pa Yesu, safari hii na marhamu ya bei kubwa, lakini hakuna lalamiko lolote la Martha lililoandikwa. Kipaji chake kilibaki. Ile fimbo hatuioni tena.

Kukua ni hivyo. Mungu hakuhitaji Martha awe Mariamu.

NA MIMI JE?

Nyani haoni kundule, kwa hivyo niseme yangu kabla sijamaliza ya wengine. Mimi ni yule wa Namba Moja. Kulikuwa na mwaka mshahara ulichelewa miezi miwili na karo ya Januari ilikuwa mlangoni. Sikumwambia mke wangu kwamba naogopa. Nikaanza kurekebisha vitu: chai ina maji mengi, viatu vya watoto havijapangwa, mbona stima inawaka mchana. Hapakuwa na siku bila kosa la mtu. Nilipochoka kurekebisha, nikanuna. Nilikaa chumbani jioni tatu nikijiambia kwamba hakuna anayenielewa.

Jioni ya tatu nikamsikia mtoto wetu mdogo akiuliza pale sebuleni, "Mama, ni nani kati yetu amekosea?"

Mtoto alikuwa anatafuta kosa lake. Na kosa lilikuwa woga wangu, uliovaa nguo za haki. Kama wakati huo mtu angenionyesha duara na kuniambia, "Wewe ni Namba Moja, mkibanwa mnanuna," ningefurahi sana. Ningesema, "Kumbe! Ndivyo nilivyo." Mtoto angebaki pale sebuleni na swali lake.

SABABU NA RUHUSA

Mtu anaweza kuniuliza: je, si ukatili kumdai mtu abadilishe alivyozaliwa? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba tutenganishe mambo mawili. Hasira ya haraka, woga, kupenda kupanga, hayo yanaweza kuwa ya kuzaliwa au ya kulelewa, na hakuna anayehukumiwa kwa moyo aliopewa. Lakini neno linapotoka mdomoni kwenda kwa mtu mwingine, sasa lina mwenyewe. Sababu inaeleza nilifikaje pale. Haimponyi aliyeumia.

Kujijua kunaongeza deni. Yule asiyejua kwamba akibanwa anafoka, anaweza kusema alishtukizwa. Wewe unayejua, na unajua hata dalili zake, huna tena neno hilo.

Pia tusigeuze duara hili liwe rungu. Usimpachike mwenzako namba ili usimsikilize. Na dada, ama ndugu, kama nyumbani unapigwa au unaishi kwa hofu, hiyo si namba ya mtu wala si msalaba wa kubebwa kimya. Zungumza na mtu unayemwamini leo, na utoke hapo penye hatari.

Kwa sisi wengine, kukua huanza na jambo dogo, saa ile ile tunapobanwa. Mwenye kufoka anyamaze, aulize, "Umeshindaje?" kisha angoje jibu. Mwenye kusaidia wote aseme, "Leo nimechoka, nisaidieni." Mwenye kununa aseme, "Naogopa." Mimi nilisema neno hilo jioni ile pale sebuleni, nikamwambia mtoto kwamba hakuna aliyekosea isipokuwa baba. Mshahara haukuja kesho yake. Lakini tulikula pamoja.

MASWALI YA WIKI

1. Nikibanwa, nakimbilia wapi, na ni nani hulipa?
2. Ni neno gani la kweli ninalolificha nyuma ya tabia hiyo?
3. Nikimwuliza anayeishi nami, "Unaijua sauti yangu vipi?" je, niko tayari kusikia jibu mpaka mwisho bila kujitetea?

Mbarikiwe.