Mzinga wa Tezi

Je, mtu asiye askari ana haki ya kushika silaha ili ajikinge? Swali hili liliwasumbua wakuu wa mataifa katika Vita Kuu ya 1914–1918, na jibu lake latuhusu sote, hata sisi tukaao mbali na bahari.

Kwa desturi ya siku zile, manowari iliruhusiwa kuikamata merikebu ya biashara ya adui. Lakini kabla ya kuizamisha ilipaswa kuwaweka mabaharia na abiria mahali pa salama. Nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzamisha bila onyo, Waingereza walizidi kufunga mizinga katika merikebu zao za biashara. Kwa kawaida mzinga huo uliwekwa tezini, si omoni. Maana yake ilikuwa wazi: mwenye mzinga nyuma hamfukuzi mtu, yeye akimbia, na ampiga yule tu amfuatiaye. Marekani nayo iliamua kuzipa merikebu zake silaha mwezi wa Machi 1917, kabla haijaingia vitani mwezi wa Aprili.

Katika hayo hatuoni dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba ni halali kuzuia nguvu kwa nguvu, mradi tusipite kiasi kihitajiwacho kuokoa uhai. Mabaharia wale walikuwa na wake na watoto. Hawakulazimika kufa pasipo kujitetea.

Lakini ngao yaweza kugeuzwa mtego. Waingereza walikuwa pia na merikebu za vita zilizofananishwa na za biashara, mizinga yake imefichwa, ili zivute nyambizi karibu. Tarehe 19 Agosti 1915 mojawapo, jina lake Baralong, iliikaribia nyambizi U-27 huku ikipeperusha bendera ya Marekani. Ikaishusha, ikatweka ya Uingereza, ikapiga. Nyambizi ikazama. Kisha Wajerumani waliookoka, waliokuwa wakiogelea na kujaribu kupanda merikebu iliyokuwa karibu, wakauawa. Nahodha alisema alihofu wangeiharibu merikebu ile.

Hofu! Udhuru huo twausikia hata vijijini na mitaani mwetu. Mwizi akivunja mlango usiku, baba ana haki, tena ana wajibu, kuwalinda watoto wake. Lakini mwizi akiisha kukamatwa na kufungwa kamba, kisha umati ukampiga mpaka akafa, huo si ulinzi tena; ni kuvunja amri ya tano. Wasemao, “Tulihofu atarudi,” wasema kama nahodha yule. Na Mkristo aliyesimama kando akishangilia asidhani kwamba mikono yake ni safi.

Usiku ule wa mateso mitume walikuwa na panga mbili, na Bwana wetu alijua. Lakini Petro alipomkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu, Yesu alimwagiza aurudishe upanga alani, kisha akaliponya sikio la adui yake.

Enyi akina baba, wafundisheni wana wenu mambo yote mawili: kumlinda mnyonge kwa ushujaa, na kuuzuia mkono mara hatari ipitapo. Aliyekamatwa apelekwe mbele ya serikali, akiwa hai. Mzinga wetu na ubaki tezini. Bikira Maria, Nyota ya Bahari, atuombee.