Je, Damu Yajua Kabila?

Liko neno linalosemwa siku hizi hapa Goma, tena na watu waliosoma, nalo limetufikia hata katika mafundisho ya ukatekumeni. Wasema hivi: mtu akiwekewa figo la mtu mwingine, mwili wake hulikataa na kulishambulia mpaka life. Basi, Mungu Mwumba mwenyewe ametia ndani yetu sheria ya kumkataa mgeni. Kwa nini sisi tulaumiwe tusipotaka kukaa pamoja na watu wa damu nyingine?

Neno hili si mchezo. Mji wetu ulijaa mamia elfu ya wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, ukaona vita tena mitaani mwezi wa Januari 2025. Hapa neno «damu» limekwisha kuua watu wengi. Kwa hiyo yatupasa kulipima, kwanza kwa elimu ya waganga, kisha kwa imani yetu.

Ni kweli kwamba mwili hukataa. Mwaka 1952, mjini Paris, kijana mmoja fundi seremala alianguka kazini, figo lake likapasuka. Waganga wakaliondoa ili kumwokoa. Kumbe, tangu kuzaliwa alikuwa nalo hilo moja tu! Mama yake akasihi atolewe figo lake apewe mwana. Usiku wa Noeli mganga Jean Hamburger na wenzake wakafanya kazi hiyo, na figo likaanza kusafisha damu vizuri. Watu wakafurahi. Lakini baada ya majuma matatu likasimama, na kijana akafa mwezi wa Januari 1953.

Fikirini basi. Je, figo lile lilikuwa la mgeni? Lilikuwa la mama mzazi! Lugha moja, ukoo mmoja, tumbo lile lile lililomzaa. Na askari wa mwili walilishambulia vilevile. Wanaotaka kujenga ukabila juu ya elimu ya mafigo wamechagua msingi mbaya.

Tueleze kidogo jinsi ilivyo. Kila mtu ana alama juu ya chembe za mwili wake, kama sisi tunavyoonyesha kadi ya uchaguzi kwenye bariere. Nusu ya alama hizo zimetoka kwa baba, nusu kwa mama. Ndani ya damu huzunguka chembe nyeupe, ndizo askari, nazo huchungulia alama hizo mchana na usiku. Askari walio wakuu katika kazi hii hufunzwa katika tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na wengi katika wale wanaotaka kupigana na mwili wao wenyewe huuawa huko huko shuleni. Wanaotoka hutafuta kisicho cha nyumbani: vijidudu vya homa, chembe zilizoharibika, na figo lililopandikizwa. Hawawezi kutambua kwamba figo limekuja kuokoa. Tukiwalaumu, tumlaumu pia mbwa anayembwekea mganga aliyeitwa usiku.

Lakini alama hizo hazifuati mipaka tunayoichora sisi. Chukueni ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Katika kila nne, nafasi ni moja tu kwamba watakuwa na alama zote sawa, na nafasi moja kwamba hawatalingana hata kidogo. Mara mbili zilizobaki hulingana nusu. Yaani ndugu uliyelala naye kitanda kimoja aweza kuwa, machoni pa askari wako, mgeni kabisa. Ni kweli alama fulani huonekana zaidi kwa watu wa asili moja, hatufichi jambo hilo. Hata hivyo, ndani ya kabila moja alama ni nyingi mno, wala hakuna iliyo mali ya kabila.

Waganga walipoelewa hayo walitafuta njia. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, mganga Joseph Murray, Mkatoliki mwenzetu, alipandikiza figo kati ya mapacha wawili waliofanana kabisa. Kwanza walijaribu kwa kipande cha ngozi, wakaona mwili haukukikataa. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi. Lakini ni wangapi walio na pacha wa namna hiyo? Ndipo zikatafutwa dawa za kuwatuliza askari. Mojawapo, iliyoleta mabadiliko makubwa tangu miaka ya 1980, ilitolewa katika kuvu ya udongoni. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walichapisha hesabu ya mafigo yaliyotolewa na watu wazima kwa waume au wake zao. Baada ya miaka mitatu, 85 katika mia yalikuwa bado yakifanya kazi. Yale ya wazazi kwa watoto wao, 82. Mume na mke hawana damu moja, lakini figo lilidumu. Wenye kufundisha ndoa parokiani waweza kuifikiria hesabu hiyo.

Na tutazame pia kazi ya Mungu iliyo ya kale kuliko waganga. Mtoto tumboni ana nusu ya alama za baba, nazo ni ngeni kwa mama. Mbona mwili wa mama haumtupi? Kondo la nyuma huzificha alama nyingi, tena ziko chembe zinazowatuliza askari wenzao. Mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya uganga ilipewa wataalamu watatu, wawili wa Marekani na mmoja wa Japani, waliofumbua habari za chembe hizo. (Wengine huziita walinda amani. Jina hilo lina mambo yake hapa Goma, basi tuliache.) Kwa hiyo, hata anayetaka kujifunza sheria kwa mwili hana budi kuusoma wote, na kila aliyezaliwa na mwanamke alipokelewa hivyo kwa miezi tisa.

Hata hivyo, sisi hatusemi kwamba chembe za damu ndizo zitufundishe mema na mabaya. Chembe haina hiari, haitendi dhambi wala fadhila. Mtu ana akili na utashi, naye huulizwa anachofanya. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, aliwafananisha wapagani na tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa katika mzeituni mwema, akakiri waziwazi kwamba ni kinyume cha asili. Sisi ndio tawi hilo. Mababu zetu hawakuzaliwa katika shina la Abrahamu, nasi twala utomvu wake kila Dominika.

Kosa la damu lina upande wa pili, nao huingia katika nyumba za Wakristu wema. Mtu akiugua mafigo, ukoo hukaa na kumtazama mdogo wake: «Wewe ni damu yake, utatoa.» Akisita, huitwa mwuaji. Zamani wanateolojia wengine walikuwa na shaka kama ni halali kumkata mtu mzima kwa faida ya mwingine. Leo Kanisa hufundisha kwamba ni halali, tena ni tendo la mapendo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilisema hilo mbele ya wataalamu huko Roma mwaka 2000. Lakini mtoaji awe amekubali kwa hiari, tena asipate hatari isiyo na kipimo. Zawadi iliyotolewa kwa vitisho vya wajomba si zawadi. Mganga mwema humwita mtoaji peke yake, humwuliza bila shangazi mlangoni, na akikataa, ukoo haupaswi kujua sababu.

Na anayetoa ajue anachoanzisha. Kazi hii hufanywa Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2017, na Kigali, hospitali ya King Faisal, tangu 2023. Baada yake mgonjwa humeza vidonge kila siku muda wote figo lile linapofanya kazi, maana askari hawasahau. Vidonge hivyo hivyo huwafanya wawe wazito mbele ya kifua kikuu na magonjwa mengine. Akiviacha kwa sababu njia imefungwa au fedha zimekwisha, figo la ndugu yake laweza kukataliwa. Basi ukoo uliokaa kutafuta mtoaji ukae tena, safari hii kuhesabu ni nani atakayelipa vidonge vya mwaka wa tatu, na ni nani atakayevuka mpaka kuvichukua.