Abiria wa Kumi na Tatu

Mpwa wangu alikuja Wete likizo ya Desemba na kompyuta yake ya mkononi, na humo ndani kaibeba Mirihi nzima. Mchezo unaitwa Surviving Mars, ulitoka mwaka 2018. Kazi yako ni kuhamishia watu sayari ile nyekundu wakaishi ndani ya makuba ya kioo, na kila kitu kinafika kwa roketi: saruji, mashine, na hatimaye watu wenyewe. Nilidhani ni upuuzi wa watoto. Siku ya tatu nikajikuta nimekaa naye mpaka saa saba usiku.

Kinachonivutia ni vyombo. (Kiswahili kimetufanyia hisani hapa. Ngalawa ni chombo, jahazi ni chombo, na hiyo ya kwenda Mirihi nayo ni chombo cha anga.) Roketi ina kikomo cha uzito, kwa hiyo unapima: upakie mashine ya kutengeneza mafuta au vipuri? Ukisahau ile mashine, roketi ikishatua haiwezi kurudi, inabaki kiwanjani kama mashua iliyopwelewa. Ukifika wakati wa kupeleka watu, unaletewa orodha ya walioomba kwenda. Kila mmoja na jina lake, umri wake, kazi yake, hata tabia: huyu mchapakazi, huyu mvivu, yule mlevi. Mwanzoni nafasi ni 12. Ukijaribu kumuongeza wa 13, mchezo unakataa. Haugombi, haukuonyi. Hauruhusu tu.

Kukataa kule ndiko kulikonikosesha usingizi.

Miaka mingi nyuma, nikiwa nasoma Unguja, niliitwa nyumbani: baba hali yake si nzuri. Nikakimbilia bandarini na begi moja. Tiketi zimekwisha. Safari nyingine ni baada ya siku mbili. Chombo kimejaa hadi ngazini. Magodoro, viroba vya unga, kuku, akina mama wameketi juu ya mizigo yao. Pale mlangoni kasimama kijana, mguu mmoja kauweka mbele kuzuia watu. Nikamwambia, "Kaka, nna mgonjwa." Akanitazama kidogo, kisha akauondoa mguu. Nilipogeuka nyuma yangu nikawasikia wengine nao wana wagonjwa, wana harusi, wana mtihani kesho. Akauondoa na kwao.

Usiku ule nilisimama safari nzima. Tulipoingia mkondo wa Nungwi chombo kilianza kulalia upande, kikakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyopasa, watu wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha kikanyanyuka. Asubuhi nikamkuta baba kaegemea mto, anakunywa uji.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ikazama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba. Ilikuwa ya kubeba watu 600 na ushee. Tume iliyoundwa baadaye ilisema walikuwamo zaidi ya 2,000. Mitaa yetu ilikaa matanga siku nyingi, na nyumba nyingine hazikupata hata maiti ya kuzika.

Tangu hapo nna swali ambalo sijapata wa kunijibu. Mimi na yule aliyeomba apishwe usiku ule wa Septemba, tumetofautiana nini? Ombi ni lile lile, ngazi ni ile ile, mkondo ni ule ule. Wanafalsafa waliandika juu ya jambo hili miaka ya 1970: kwamba watu wawili hufanya tendo moja, bahati ikawatenganisha, na sisi tukamhukumu mmoja tu. Chuoni tulifunzwa kwamba amali hupimwa kwa nia, na nia yangu ilikuwa baba. Lakini bahari haipimi nia. Inapima uzito, na mimi nilikuwa kilo 60 na begi.

Nitahadhari hapa, maana najua maneno haya yanaweza kutumiwa vibaya. Wapo watakaopenda kusikia kwamba kosa ni la abiria. Sivyo. Abiria anaona ngazi tu. Hajui chini kumepakiwa nini, wala hajui wangapi wameshapanda. Kuhesabu ni kazi ya watu waliolipwa kuhesabu. Na Mpemba wa siku zile hakuchagua chombo, alipanda kilichokuja. Wanaotuambia kwamba ajali haina kinga, hilo wangelisema makaburini, si bandarini.

Hata hivyo sijiondoi. Wa 13 anapopanda, meli haizami. Wa 14 pia. Kila mmoja wetu ni mwepesi, na kila mmoja ana sababu nzuri.

Nikamsimulia mpwa wangu. Hakusema kitu. Kesho yake akaniita: kapata programu ya nyongeza inayoondoa kile kikomo. Akapakia watu 100, roketi ikatua salama salimini.

"Unaona, Mjomba? Haizami."

Kweli haikuzama. Taabu ilianzia ndani ya kuba, watu hawana pa kulala, hewa haitoshi. Akaurudisha mchezo nyuma, wote 100 wakawa kama hawakuwahi kuondoka.

"Lakini yule kijana wa mlangoni," akaniuliza, "angekukataa ungemsamehe?"

Nikamwambia kweli: nisingemsamehe. Baba angekufa katika zile siku mbili, ningemchukia mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, maisha yangu yote.

Akairudisha ile roketi ya nafasi 12, akanisogezea kompyuta. "Haya, chagua wewe." Nilichukua muda. Nikasoma majina, nikajaza wa 12, nikabaki namtazama aliyefuata kwenye orodha, mwanamke, mtaalamu wa mimea.

"Na huyu?"

"Safari ijayo, Mjomba."