Msanii na Siri ya Ngoma

Je, msanii ana haki ya kukitoa hadharani alichokabidhiwa faraghani? Swali hili latukabili katika maisha ya Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Unguja mwaka 2013. Licha ya kuimba taarab, alikuwa kungwi wa unyago, akiwafunda wari kwa ngoma isiyotazamwa na wanaume. Ngoma hiyohiyo aliipiga jukwaani, mbele ya wageni. Wako waliochukizwa, wala hatuwalaumu: siri ikishakatiwa tiketi huwa mchezo. Lakini kijana wa kiume wa Mwanakwerekwe angeisikia wapi ngoma ya nyanya zake? Sisi twaona hakuvunja amana. Nyimbo aliziimba, naam. Ila maana zake hufafanuliwa ndani, na huko jukwaa halikufika.